Wasiwasi wa bei na mvua: Shughulikia kilicho mikononi mwako

MKULIMA wa mahindi ana mengi ya kumkosesha usingizi. Mvua zikichelewa anakesha, zikizidi anakesha. Akivuna, bei inaporomoka. Mwenye duka la rejareja naye ana marejesho ya mkopo, wadaiwa wasiolipa na kodi ya pango.

Wasiwasi wa namna hiyo si ajabu. Unaoumiza zaidi ni ule unaotokana na imani mbili. Ya kwanza inasema: "Hata nifanye nini, haisaidii." Ya pili inasema: "Kila kitu lazima kiende nilivyopanga, la sivyo nimekwisha." Mwenye imani ya kwanza hukunja mikono. Wa pili hukesha akihesabu mawingu. Wote wawili huishia kuuza mahindi yakiwa bado shambani, kwa mlanguzi wa kwanza kufika, tena kwa lumbesa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Albert Ellis, alianza mwaka 1955 kutumia tiba iliyojengwa juu ya hoja kwamba fadhaa haitokani na tukio peke yake, bali pia na jinsi mtu anavyolichukulia. Hoja hiyo ina mipaka yake, maana deni ni deni hata ulichukulie vipi.

Zimbabwe wamekwenda mbele kidogo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wanayaita maradhi haya kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hasemi "usijali, yatapita". Anamwacha mgonjwa amwage yote, wanayaorodhesha, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua tatizo moja tu na kutaja hatua atakayochukua. Akirudi, wanaangalia limefikia wapi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki za Harare, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tuyarudie mahindi. Mvua na bei ya soko haviko mikononi mwako, lakini ukavu wa nafaka uko. Anika juu ya turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Humo dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Uza magunia machache ya kulipia ada ya shule, mengine yangoje. Bei inaweza isipande, hilo tusidanganyane, ila siku ya kuuza utaichagua wewe.

Mwenye duka aandike majina ya wadaiwa wote, kisha amfuate mmoja mwenye deni kubwa. Na marejesho yakionekana kukwama, amwone mkopeshaji kabla ya tarehe, badala ya kuzima simu.

Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kujidhuru yakianza, daftari halitoshi. Nenda hospitali, na umweleze daktari wazi kwamba ni mawazo. Wengi hutaja kichwa na tumbo tu, wakarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.