Ndege ya kompyuta yafunza mengi, ila haijui mafuriko ya Tana

MTO Tana unapovunja kingo zake, wakazi wa Garsen hutambua mapema kwamba barabara haitawafaa kwa muda. Ilikuwa hivyo wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Ikawa hivyo tena mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024, maji yalipofunika barabara ya kuelekea Lamu katika eneo la Gamba na kuwakwamisha wasafiri.

Nyakati kama hizo, dawa na chakula hufika kwa mashua, kwa helikopta au kwa ndege ndogo zinazoweza kutua katika viwanja visivyo na lami. Miongoni mwa ndege zinazofahamika sana kwa kazi ya aina hiyo humu nchini ni Cessna Caravan, yenye injini moja.

Siku hizi, mtu yeyote mwenye kompyuta yenye uwezo mkubwa anaweza kuirusha ndege hiyo akiwa nyumbani. Caravan iliingizwa katika programu ya Microsoft Flight Simulator kupitia toleo la 2002, nalo toleo lililozinduliwa Agosti 2020 lina Grand Caravan EX, pamoja na sura ya dunia nzima iliyoundwa kutokana na picha za setilaiti na za ndege. Je, kijana wa Garsen au Hola anaweza kujifunza nini humo, na ni lipi hatalipata?

Caravan iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1982 nchini Marekani, na wateja wakaanza kukabidhiwa mwaka wa 1985. Mabawa yake yako juu ya mwili, magurudumu hayakunjwi, na ubavuni kuna mlango mkubwa wa mizigo. Asubuhi yaweza kubeba abiria. Viti vikiondolewa, alasiri ikabeba magunia au mgonjwa aliyelazwa kwenye machela.

Injini yake hutengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney Canada. Hewa hushindiliwa, ikachanganywa na mafuta na kuwashwa. Hewa hiyo moto huzungusha tabaini, yaani magurudumu yenye mapanga, katika sehemu mbili zisizoshikana. Ya kwanza huendesha kishindilio cha hewa, na ya pili huzungusha rafadha iliyo puani mwa ndege. Aidha, injini hiyo hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, sawa na yale ya ndege kubwa za jeti, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko petroli ya ndege.

Somo la kwanza ambalo kompyuta hufunza vizuri ni utaratibu wa kuwasha injini. Rubani husubiri kishindilio kifikie angalau asilimia 12 ya kasi yake ndipo afungulie mafuta. Akifanya haraka, au betri ikiwa dhaifu, joto hupanda kupita kiasi na kuiharibu tabaini. Kwenye programu kosa hilo halimgharimu mtu hata shilingi. Kwenye ndege halisi, ni hasara kubwa.

Somo la pili ni hesabu ya uzito. Grand Caravan EX inaweza kubeba takriban kilo 1,600 za mafuta, watu na mizigo kwa jumla. Matangi yakijazwa, mafuta pekee huchukua kilo 1,000 na ushei, na kinachobaki hakifiki kilo 600, rubani akiwemo. Kwa hivyo anayetoka Wilson jijini Nairobi kwenda Hola, safari ya zaidi ya saa moja hivi, hukadiria mafuta ya kwenda, ya kurudi na ya akiba, kisha nafasi iliyosalia akawapa wenye njaa.

Somo la tatu ni kutua. Caravan inapogusa ardhi, rubani anaweza kugeuza mapanga ya rafadha yasukume hewa mbele, nayo ndege ikapunguza mwendo katika nafasi ndogo.

Hata hivyo, hapo ndipo mipaka ya programu inapoanza kuonekana. Mtengenezaji hueleza kwamba ndege hiyo huhitaji takriban mita 430 kuacha ardhi. Kipimo hicho ni cha njia ngumu na kavu, katika usawa wa bahari, kukiwa na joto la nyuzi 15. Garsen jua la mchana hupita nyuzi 30, na udongo mweusi wa delta ukilowa hushika magurudumu kama gundi.

Vilevile, picha za kompyuta zilipigwa siku moja iliyopita. Mvua inaweza kunyesha humo, lakini mto haufuriki. Tana halisi huhamahama. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliuunganisha na Mto Ozi, ndipo maji yake yakaanza kumwagikia Kipini badala ya mlango wa zamani ulioko kusini.

Tena kuna suala la uhai. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, kunakoanzia baadhi ya vijito vya Tana, na watu wote 10 waliokuwamo wakafariki. Kwenye programu, anayegonga mlima hubonyeza kitufe na kuanza upya.

Ndiyo maana saa za kuchezea kompyuta nyumbani hazihesabiwi katika leseni ya urubani. Lakini kijana aliyezoea taratibu hizo huingia chuoni akiwa na msingi.

Kwa wakazi wa Tana River, ndege hata ikiwa bora kiasi gani haina faida ikikosa mahali pa kutua. Kiwanja kilichoinuliwa, chenye mitaro ya maji na uzio wa kuzuia mifugo, hutengenezwa wakati wa kiangazi. Mto ukishafurika, rubani aliye juu hana la kufanya ila kuzunguka, kutazama chini na kurudi alikotoka na shehena yake.