Mtende Uliotua Eastleigh

Jirani yangu hapa Loresho ana ubao wa ukutani uliochongwa na kupakwa rangi. Aliununua mnadani pamoja na viti viwili vya zamani, akautundika barazani. Juu kuna taji, katikati duara la buluu, na ndani ya duara mti umesimama peke yake. Kwa muda mrefu aliwaambia wageni kwamba ule ni mnazi na kwamba ubao ulitoka hoteli fulani ya Mombasa. Aliponiuliza nina maoni gani, niliusogelea nikausoma vizuri.

"Mzee, huu si mnazi, ni mtende. Na huenda haujapita Mombasa kabisa. Huenda umetoka Eastleigh tu hapo."

Mtende katika duara la aina hiyo ni nembo ya Kikosi cha 30 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kikosi cha ndege za mizigo kilichokuwa na makao yake Eastleigh tangu mwishoni mwa 1959 hadi 1964. Ndege za abiria zilikuwa zimehamia uwanja mpya wa Embakasi mwaka 1958, na Eastleigh ikabaki kambi ya wanajeshi.

Mtu angetarajia kikosi cha uchukuzi kijitambulishe kwa tai, au kwa ngamia aliyebeba mzigo. Lakini nembo za vikosi vile hazikuchorwa kueleza kazi ya leo. Miaka ya 1930 Uingereza iliweka utaratibu: kikosi kinapendekeza alama, mtaalamu wa nembo za kifalme anaichunguza na kuirekebisha, kisha mfalme anatia saini. Vikosi vingi vilichagua kitu cha kukumbusha mahali vilipopata jina. Kikosi cha 30 kilipata jina lake Iraki, wakati huo ikiitwa Mesopotamia, katika Vita Kuu ya Kwanza, na huko mti wa kutajwa ni mtende. Watu wa Lamu na Unguja hawahitaji kuelezwa hilo. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende za Basra, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko.

Kilichotokea chini ya mitende hiyo ndicho kinachonifanya niuheshimu ubao ule. Mwezi Desemba 1915 jeshi la Waingereza na Wahindi lilizingirwa na majeshi ya Dola ya Uthmaniya katika mji wa Kut, kwenye mpindo wa mto Tigris. Majaribio ya kuwakomboa kwa nchi kavu na kwa mto yalishindwa moja baada ya jingine, na kufikia Aprili 1916 waliozingirwa walikuwa wakila farasi wao. Ndipo marubani wa Kikosi cha 30, wakisaidiwa na ndege za wanamaji, walipoamriwa wapeleke chakula kwa njia ya anga. Magunia ya unga yalifungwa mahali pa mabomu. Walidondosha pia dawa, nyavu za kuvulia samaki, hata jiwe la kusagia nafaka. Magunia mengine yalitumbukia mtoni, mengine yakaangukia upande wa adui.

Haikutosha. Ndege zile za mbao na turubai zilibeba mzigo mdogo tu kila safari, na kwa wiki mbili nzima jumla ya mzigo haikufika tani 10, wakati wenye njaa walikuwa maelfu kwa maelfu. Kut ilisalimu amri tarehe 29 Aprili. Hata hivyo hilo linahesabiwa kuwa jaribio la kwanza duniani la kulisha jeshi lililozingirwa kwa ndege, na mtende ule ulizaliwa katika jaribio lililoshindwa. Binafsi naona kuna unyofu mkubwa katika kukubali kubeba alama ya namna hiyo.

Baada ya hapo kikosi kilipigana kwa ndege za kivita kutoka Ugiriki hadi Burma, kisha mwaka 1947 kikakabidhiwa ndege za mizigo aina ya Dakota na kushiriki kuulisha mji wa Berlin ulipofungiwa njia mwaka 1948. Nairobi kilikuja na Beverley: ndege yenye tumbo kama ghala, injini nne za pangaboi, mabawa ya mita 49 kutoka ncha hadi ncha na magurudumu yasiyokunjwa, iliyoweza kubeba karibu tani 20.

Nairobi ina lake, nalo huwapata marubani hadi leo. Eastleigh iko mita 1,640 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Loresho tuko juu zaidi kidogo. Hewa huku ni nyepesi. Adhuhuri yenye joto la nyuzi 25, uzito wa hewa ya Eastleigh ni takriban asilimia 80 ya ule unaotumiwa kama kipimo cha usawa wa bahari. Bawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, pangaboi hupata kidogo ya kusukuma, na injini hupungukiwa pumzi. Ndege ileile iliyoruka Mombasa kwa mbio fupi itahitaji njia ndefu zaidi hapa, ama ipunguze mzigo, ama iondoke alfajiri kabla jua halijapasha lami. Mabawa mapana na manene ya Beverley yaliifaa nchi hii.

Mwaka 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko makubwa, barabara za kaskazini na za bonde la Tana zikakatika, na Beverley zikatumiwa kudondosha chakula. Mahindi hayahitaji mwavuli kila mara. Gunia lililojazwa nusu hutiwa ndani ya gunia kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka la nje lizuie punje zisitawanyike, na rubani hushuka chini sana kabla ya kuusukuma mzigo nje. Hapo kaulimbiu ya kikosi hupata maana mpya. Imeandikwa kwa Kifaransa, *Ventre à terre*, yaani tumbo kugusa ardhi, na husemwa juu ya farasi anayetimua mbio kwa nguvu zake zote.

Jeshi la Anga la Kenya lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, mwaka uleule Kikosi cha 30 kilipohamia Bahrain. Lilianza na Chipmunk za mafunzo na Beaver za uchukuzi, baadaye zikaja Caribou, kisha Buffalo, zote zikibeba majina ya wanyama wa Kanada, na leo kuna Spartan za Italia. Kaulimbiu yake ni ya Kiswahili: Tuko Angani. Kazi ya kubeba imekuwa na gharama yake. Ndege aina ya Y-12 iliyoanguka Marsabit tarehe 10 Aprili 2006 ilikuwa ikiwapeleka viongozi kwenye mazungumzo ya amani, na watu 14 walifariki.

Jirani alitaka kujua kama ubao wake kweli ni wa zamani zile. Nikamwambia atazame taji. Mabao ya enzi za wafalme yana taji ambalo matao yake yamebinuka juu. Baada ya Elizabeth wa Pili kutawazwa mwaka 1953, matao yalichorwa yakibonyea katikati. Aliuteremsha, akaufuta vumbi kwa ncha ya shati, akauelekeza kwenye mwanga. Matao yalikuwa yamebonyea.