Mipira Miwili ya Marekani na Binti Zetu

Katika nyumba zetu za huku Ohio, neno "mpira" limekuwa neno la ugomvi. Mzee akisema, "Hebu wekeni mpira," vijana humuuliza, "Upi, Babu?" Maana huku kuna mpira wa miguu, ambao tumekuja nao wenyewe tangu kwetu, na kuna mpira wao Wamarekani, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na juu ya hivyo wameshikilia kuuita futiboli. Jamaa zetu wa Maskati, London na Mombasa wanaokisoma kitabu hiki kila mwaka wamezoea kutucheka kwa ajili hiyo. Basi nami nilipotakiwa mwaka huu niandike kurasa za michezo, nimeona nisirudie habari za Simba na Yanga, ambazo kila mtu anazo. Nitaandika juu ya mipira hii miwili na juu ya binti zetu, kwani mambo hayo yameungana kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza nimtendee haki Mmarekani. Mchezo wake si wa kijinga, kama shemeji yangu mmoja wa London anavyopenda kusema. Kila upande una watu 11. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ukifika, unapewa nne nyingine. Ukishindwa, mpira unakwenda kwa wenzio. Mtu akiufikisha mpaka mwisho wa uwanja, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Mpira ukipigwa teke ukapita katikati ya nguzo mbili, ni pointi 3. Baada ya kila nafasi mchezo husimama, watu wanakutana, wananong'onezana, wanapanga hila mpya. Ni kama bao: unahesabu kete za mwenzio kabla hujashika zako. Mtu aliyezoea kandanda huona uvivu, na kwa kweli waliopima kwa saa wamekuta kuwa katika mechi ya saa tatu mpira wenyewe huwa katika mwendo kiasi cha dakika 11 tu. Lakini dakika hizo, ndugu zangu, ni moto mtupu.

Na Ohio ndiyo nyumbani kwake. Ligi yao kubwa iliundwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa Columbus. Uwanja wa chuo kikuu chetu huingiza watu zaidi ya 100,000, na Jumamosi ya mechi usithubutu kupanga harusi, maana wageni hawatapata pa kuweka gari. Tuliwahi kupanga moja. Bibi harusi alifika, bwana harusi akakwama barabarani.

Sasa nije kwenye uchungu wake. Mchezo huu tangu zamani umekuwa wa kuvunjana. Mwaka 1905 walikufa vijana wengi viwanjani hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa vyuo Ikulu, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele ili watu wasisongamane na kukanyagana. Vifo vilipungua. Lakini likabaki jambo lisiloonekana kwa macho, na aliyelifichua ni Mwafrika. Mwaka 2002 alifariki Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa Pittsburgh Steelers, bingwa wa Super Bowl mara nne, akiwa na miaka 50 tu na akili imekwisha kumvurugika. Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, ndiye aliyempasua. Akauchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta umeharibika kwa vishindo vya miaka mingi. Mwaka 2005 yeye na wenzake walipochapisha habari hiyo, madaktari wa ligi walitaka ifutwe. Hakufuta. Mwaka 2017 wataalamu wa Boston walitoa habari za bongo 111 za watu waliowahi kucheza katika ligi ile kubwa, na 110 zilikuwa na maradhi hayo. Ni kweli kwamba bongo hizo zilitolewa na familia zilizokwisha kuwa na wasiwasi, kwa hiyo mtu asiseme kila mchezaji anayo. Hata hivyo, mzazi mwenye akili zake hawezi kulisoma jambo hilo akalala usingizi ule ule.

Hapa msomaji atauliza, binti zetu wameingiaje? Wameingia kwa mlango wa sheria. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya elimu yenye kifungu kiitwacho Title IX, kinachokataza shule au chuo chochote kinachopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke au mwanamume. Mpira haukutajwa ndani yake. Lakini baadaye ilieleweka kwamba michezo nayo ni sehemu ya elimu, basi vyuo vikajikuta mashakani. Timu ya futiboli ya Kimarekani ni jeshi zima. Kwa miaka mingi chuo kikubwa kiliruhusiwa kuwalipia masomo wachezaji 85 wa mchezo huo peke yake, na wote ni wanaume. Upande wa wanawake utasawazisha na nini? Wakatafuta mchezo wenye watu wengi na usiohitaji vifaa vya gharama, wakaukuta umelala pale, Wamarekani wenyewe hawautaki: mpira wa miguu.

Ndiyo maana nasema mipira hii miwili ni ndugu wa nyumba moja. Ule wa kofia ngumu ulikula fedha nyingi upande wa wavulana, na deni lake likalipwa kwa kuwapa wasichana mpira wetu sisi. Mwaka 1982 vyuo vikuu vilianza kushindania ubingwa wa wanawake, na North Carolina wakautwaa. Miaka tisa tu baadaye, 1991, lilichezwa China Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, mechi za dakika 80, kana kwamba wanawake wangezirai kwenye dakika ya 81. Marekani waliwafunga Norway 2–1 katika fainali, magoli yote mawili ya Michelle Akers. Wanaume wao, kumbukeni, walikaa tangu 1950 mpaka 1990 bila kuonekana katika Kombe la Dunia. Kwa hiyo nchi nzima ilijifunza kushangilia kandanda kwa kuwaangalia mabinti. Tarehe 10 Julai 1999 walikaa watu 90,185 katika uwanja wa Rose Bowl, California, kuangalia Marekani na China wakitoka 0–0 na kupigiana penalti. Briana Scurry alidaka moja, Brandi Chastain akamaliza ya mwisho.

Wenzetu wa Uingereza wasicheke sana, kwani kwao mambo yalikuwa kinyume. Siku ya pili ya Krismasi mwaka 1920, timu ya wasichana wa kiwanda cha Dick, Kerr cha Preston ilicheza Goodison Park, mjini Liverpool, mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, wakubwa wa chama cha mpira wakawafungia wanawake viwanja vyote vya klabu zao, wakidai mchezo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu mpaka ilipofika miaka ya 1970. Miaka 50! Wala haikuwa kwa sababu watu hawaji kuangalia. Walikuja mno.

Mimi mwenyewe nilifunguka macho tarehe 28 Septemba 2003, hapa hapa Columbus. Kombe la Dunia la wanawake lilihamishwa kutoka China kwa sababu ya maradhi ya SARS, nasi tukapata bahati ya kuwaona Nigeria wakicheza na Sweden. Nilikwenda kwa ajili ya Uafrika tu, nikidhani nitaona mchezo wa watoto. Nigeria walifungwa 3–0, na nilirudi nyumbani nimekauka sauti. Niliona beki akikata mpira kwa utulivu nilioukosa kwa mabeki wengi wa kiume niliowashangilia ujanani. Pasi zilikwenda chini, za kufikiriwa, na hakuna aliyejiangusha kumlilia refa. Hilo la mwisho ningependa wanaume wote wa dunia walisome.

Na wanawake hao hawakuridhika na makofi. Mwaka 2019 walikishtaki chama chao cha mpira kwa kuwalipa pungufu ya wanaume. Mwaka 2022 wakakubaliana kwa dola milioni 24, na tangu hapo mikataba ikaandikwa sawa kwa sawa. Fundi wa gharama asiyeujua mchezo huu atasema ni fedha nyingi. Anayeujua atauliza mbona walichelewa.

Kuna kisa kimoja kilichoikutanisha mipira yote miwili kwa binti mmoja. Novemba 2020, wakati wa korona, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Vanderbilt ilikosa wapigaji wa mateke kwa sababu ya karantini. Wakamwita Sarah Fuller, golikipa wa timu ya wanawake ya mpira wa miguu, ambaye siku chache kabla alikuwa ametwaa ubingwa na wenzake. Akavaa kofia ngumu, akapiga mpira wa kuanzia kipindi cha pili dhidi ya Missouri. Tarehe 12 Desemba, dhidi ya Tennessee, akapachika pointi mbili kwa mguu wake. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga katika ligi kubwa za vyuo za mchezo huo. Vanderbilt walishindwa mechi zote mbili vibaya, lakini hilo ni lao.

Nimefika nyumbani sasa. Mwaka jana mtoto wa ndugu yangu alipata karatasi mbili kutoka shule katika wiki moja. Moja ya mwanawe wa miaka 14, anataka kucheza futiboli ya Kimarekani. Ya pili ya binti yake wa miaka 15, kachaguliwa beki wa kushoto. Ya mvulana aliitia saini akiwa amesimama mlangoni. Ya msichana aliiweka juu ya friji, akaniita.

"Shikamoo, Ami. Huyu mvulana hana neno. Lakini msichana kukimbia mbele za watu na kaptura, Ami, watu watasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kaptura ina dawa: suruali ndefu ndani yake, na mtandio wa michezo kichwani. Kichwa kikitikisika, dawa yake ipi?"

Alinyamaza. Nikamwambia mambo ambayo wengi wetu hatujayasikia. Mwaka 2011 wasichana wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kuwania Olimpiki kwa sababu ya mitandio yao; mwaka 2014 FIFA ikairuhusu moja kwa moja; na mwaka 2023, huko Australia, Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia amejisitiri. Nikamwambia pia kwamba wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 huko India, wakiwa wamewafunga Ufaransa, jambo ambalo hakuna timu yetu ya wanaume iliyolikaribia. Naye Clara Luvanga, Mtanzania, alikwenda kufunga magoli Saudi Arabia, katika klabu ya Al-Nassr. Ikiwa Riyadh wanakata tiketi, sisi wa Ohio tunaogopa nini?

Lakini aliyemaliza maneno ni shemeji yangu, bibi yao, aliyekuwa anachambua mchele. Akasema, "Mimi Mombasa nimecheza rede mpaka magharibi, nikikwepa mpira uchochoro mzima, na baba yangu yuko barazani ananiangalia. Hiyo haya mmeitoa wapi nyinyi?"

Karatasi ilishuka juu ya friji.

Sisemi mpira wa miguu hauumizi. Wasichana huchanika mishipa ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na vichwa navyo hugongana. Ndiyo maana tangu mwaka 2015 chama cha Marekani kimewakataza watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa. Binti yetu alitoka msimu mzima na jeraha la kifundo cha mguu tu. Kaka yake, mwezi wa Oktoba, aligongwa akaanguka chali. Alikaa siku tisa katika chumba cha giza, hawezi kutazama taa, na alimwuliza mama yake mara tatu leo ni siku gani. Alipona, alhamdulillahi, na mwalimu wake alimtoa uwanjani mara ile ile, simlaumu. Sasa anataka kurudi. Nimemshauri baba yake amhamishie kwenye ule mchezo wao mwingine wa kuchomoa kitambaa kiunoni badala ya kuangushana, ambao umepangiwa kuchezwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, wanaume na wanawake. Kijana amekasirika, anasema huo ni wa watoto. Babaye hajaamua. Safari hii karatasi ya mvulana ndiyo iko juu ya friji.

Mechi za binti yetu huanza mwishoni mwa Agosti, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Jamaa mlioko Columbus, na mtakaotutembelea kutoka Toronto, njooni na viti vyenu, maana uwanja wa shule hauna kivuli wala pa kukaa. Bibi yake huleta chupa ya chai ya tangawizi na mahamri, na hukaa upande wa kushoto, karibu na mstari, ambako refa anamsikia vizuri.