Asiyeona mlimani: nani amemshika nani?

NDUGU msomaji, katika nyumba zetu nyingi yumo mtoto, shangazi au babu asiyeona. Tunamlisha, tunamvisha na kumtandikia mkeka kivulini, naye hukaa hapo tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Tunayafanya hayo kwa mapenzi. Leo hatuna budi kujiuliza: je, mapenzi hayo hayajageuka kuwa ukuta?

Tuutazame mlima wetu wenyewe. Mwaka 1969 vijana saba wasioona wa Afrika Mashariki waliupanda Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Mwaka 1997 akaupanda Mmarekani Erik Weihenmayer, ambaye maradhi ya retina yalimpofusha katika ujana wake. Tarehe 25 Mei, 2001 huyohuyo alikuwa mtu wa kwanza asiyeona kufika kilele cha Everest.

Atauliza muulizaji: vipi asiyeona apite penye majabali na makorongo? Jibu limo katika ushirikiano wa watu wawili. Mwenye kuona hutangulia hatua chache, akiwa na kengele ndogo. Mwenzake huufuata mlio ule, huku fimbo mbili zikimpimia ardhi. Penye njia pana huweza kushika kiwiko au mkoba wa kiongozi wake.

Pamoja na hayo, kuna maneno. Kiongozi husema kwa ufupi: "Jiwe kulia, kimo cha goti." "Korongo kushoto, usisogee." Asemaye "angalia hapo" hajasema kitu, kwani "hapo" ni neno la macho. Upepo ukivuma na kuimeza kengele, sauti ndiyo hubaki. Hivyo kiongozi anayenyamaza mahali pabaya humwacha mwenzake peke yake hata kama yu karibu naye. Hatari huzidi wakati wa kuteremka, maana mguu hutangulia chini kabla haujajua utakanyaga nini.

Tuzingatie pia kwamba asiyeona ndiye amshikaye kiongozi. Kiongozi hamkamati wala hamburuti. Anayevutwa mkono hupoteza mizani yake, lakini aliyeshika mwenyewe huhisi mwili wa mwenziwe ukipanda, ukishuka na kusimama. Ni wangapi kati yetu huwakamata wasioona barabarani na kuwavusha bila hata kuwauliza waendako?

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni mepesi. Katika maporomoko ya barafu ya Khumbu, njiani kuelekea Everest, safari ya kwanza ya Weihenmayer ilimchukua saa 13. Aliirudia mara kadhaa hadi ikawa saa tano hivi. Mwaka 2004 aliongoza vijana sita wasioona wa Tibet kuuendea mlima Lhakpa Ri. Walivuka mita 6,000, lakini baadhi yao wakazidiwa na maradhi ya mwinuko, na kilele hakikufikiwa. Kurudi kule hakukuwa aibu. Kiongozi mwema hujua kusema "twende", na hujua vilevile kusema "turudi".

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Sahaba Abdullah bin Ummi Maktum, Allah amridhie, hakuwa akiona, naye alikuwa mwadhini wa Mtume (SAW). Zaidi ya hayo, Mtume alipata kumwachia Madina aiangalie alipokuwa safarini. Hakuwekwa mkekani, alipewa amana.

Wazazi wenzetu, hatusemi kila asiyeona apelekwe Kilimanjaro. Tunasema aanze na njia ya kwenda msikitini, sokoni na madrasa. Apewe fimbo. Kaka na dada zake wafundishwe kumpa kiwiko na kutaja shimo kabla hajalifikia. Aachwe ahesabu ngazi mwenyewe, na akijikwaa tusikimbilie kumrudisha ndani. Juu ya yote, aulizwe: "Unataka kwenda wapi?" Huenda swali hilo hajawahi kuulizwa tangu azaliwe.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe macho kwa wenzetu, wala tusiwe kuta mbele yao. Wabillahi tawfiq.