Fedha za Karafuu Zinakwenda Wapi?



Mara nyingi tunasema juu ya kuchuma karafuu na kuzianika. Leo tuseme juu ya fedha zake zikishaingia nyumbani.

Tuwatazame kwanza wenzetu wa Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara. Zamani ilikuwa wilaya moja, mpaka Hanang ilipokatwa mwaka 1969. Watu wa huko hulima mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu, na hufuga ng'ombe. Siku ya mnada, Katesh au Haydom, mtu huuza mbuzi, akarudi na sukari, sabuni, nguo na madaftari ya watoto.

Ukimwuliza ametumia kiasi gani mwezi huo, atataja vitu vya mnadani tu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu haihesabu hivyo. Katika uchunguzi wake wa matumizi ya kaya, huandikwa kilichonunuliwa na pia kilicholiwa kutoka shambani. Debe la mahindi ya ghalani na maziwa ya zizini hutiwa bei, yakaingia katika hesabu.

Hesabu hizo zaonyesha kwamba chakula humeza fungu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Mjerumani Ernst Engel alikwisha kuliona jambo hili mwaka 1857: kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo fungu la chakula linavyozidi. Matumizi mapya nayo yameongezeka. Wakati wa uchunguzi wa 1991/92 hapakuwa na vocha ya simu vijijini; leo nayo yadai fungu lake.

Hali imepata nafuu pole pole. Bara, waliokosa mahitaji ya lazima walikuwa 28.2 kwa mia mwaka 2011/12, wakawa 26.4 mwaka 2017/18. Zanzibar walikuwa 30.4 mwaka 2014/15, wakawa 25.7 mwaka 2019/20.

Lakini tazameni tofauti yetu na wenzetu. Mkulima wa Mbulu akivuna vizuri, chakula chake ki ghalani. Mvua ikimtupa, huuza mnyama. Karafuu hailiwi. Ukitoa muhogo na ndizi zetu, mchele, unga na sukari vyote vyatoka dukani. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka wa neema ndio unaolisha mwaka wa uhaba. Asiyeweka hula kwa deni, na mwenye deni huziuza karafuu zingali mtini, kwa bei ya mwenye duka.

Basi kila nyumba na iandike daftari mwezi mmoja tu, kwa safu tatu: kilichonunuliwa, kilichotoka shambani, na deni. Mume na mke waisome pamoja. Kisha, kabla ya kununua bati au pikipiki, fedha za msimu zigawanywe kwa miezi iliyobaki mpaka mavuno mengine, na fungu la chakula litengwe kwanza.

Akiba haiozi.