Je, Wajua? Kutoka Singida Hadi Chuo cha Ng'ambo

Je, wajua kwamba mkoa wa Singida una watoto wake waliosoma mbali? Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975, alihitimu Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1998, kisha akawa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi, alisomea uzamili wa sheria Warwick, Uingereza.

Je, wajua kwamba matokeo mazuri yanaweza kusomwa kinyume? Aliyepata A katika masomo yake 7 bora ya kidato cha nne ana pointi 7, na hakuna anayempita. Vyuo vingi vya nje vimezoea wastani ambao namba kubwa ndiyo nzuri. Ukituma cheti, ambatisha maelezo ya madaraja ya NECTA: Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17.

Je, wajua kwamba saa huwakosesha watu ufadhili? Tangazo likisema mwisho ni 12:00 kwa saa za Greenwich, Kiomboi na Manyoni itakuwa saa 9 alasiri. Anayengoja jioni ili apate intaneti atakuta dirisha limefungwa.

Je, wajua kwamba kwa viza ya mwanafunzi wa Uingereza, fedha inayotakiwa kuonyeshwa lazima iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua? Mzazi anayetegemea alizeti au ng'ombe auze mapema. Fedha iliyoingia wiki iliyopita, hata kama ni halali kabisa, haitoshi.

Je, wajua kwamba anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kwanza kifua kikuu? Kipimo hufanyika Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini, na cheti chake hudumu miezi 6. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS nayo hudumu miaka 2 tu. Panga tarehe zote pamoja, nauli isikutoke mara mbili.

Je, wajua kwamba shahada ya nje nayo huchunguzwa ukirudi? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo hutambua chuo na tuzo yake. Waulize kabla hujalipa ada. Wakala anayekwambia hilo utalishughulikia ukirudi, usimpe hata shilingi.