Roboti za Gundam: Kweli au Si Kweli?

Modeli za plastiki za Gundam, maarufu kwa jina la Gunpla, zimezushiwa mengi. Baadhi ya maneno hayo humkatisha tamaa anayetaka kuanza, na mengine humharibia kazi aliyekwisha kuanza.

"Modeli zilitokana na umaarufu wa katuni."

Si kweli. Katuni ya Gundam ilianza kurushwa Japani Aprili 1979, ikakosa watazamaji, ikakatishwa Januari 1980 ikiwa na sehemu 43 badala ya 52 zilizopangwa. Kampuni ya Bandai ilitoa modeli ya kwanza Julai 1980 kwa yeni 300, katuni yenyewe ikiwa imeshakwisha. Marudio kwenye televisheni na maboksi ya modeli madukani ndivyo vilivyoifufua Gundam.

"Huwezi kuunganisha bila gundi."

Zamani ilikuwa hivyo. Leo vipande hubanana vyenyewe. Unahitaji koleo ndogo ya kukatia na subira ya kukata mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande, kisha karibu. Ukikata kwa pupa mara moja, plastiki huvutika na kuacha alama nyeupe.

"Isiyopakwa rangi haijakamilika."

Hapa ndipo watu wanapobishana zaidi, na mimi nasimama upande wa plastiki. Modeli ya 1980 ilitengenezwa kwa plastiki ya rangi moja, nyeupe, kwa hiyo brashi haikuepukika. Baadaye viwanda vilijifunza kumimina plastiki za rangi mbalimbali katika fremu moja, hata nyekundu, bluu na njano zikakaa mahali pake bila tone la rangi. Hiyo ni kazi ya wahandisi, nayo inastahili kuonekana. Kasoro yake ni mng'ao, kwa sababu plastiki tupu hung'aa kama mwanasesere wa bei rahisi. Puliza vanishi isiyong'aa juu yake, na roboti yenye kimo cha sentimita 12.5 itaanza kuonekana kama mashine ya mita 18, kwa maana hicho ndicho kipimo cha 1/144. Ila usipulize siku ya unyevunyevu. Vanishi hunasa maji ya hewani na kuota ukungu mweupe. Wapenzi wa modeli Japani huyajua vizuri mashaka ya mvua za Juni.

"Rangi nzito huficha makosa."

Si kweli hata kidogo. Rangi huyaanika. Piga msasa namba 400, kisha 600, kisha 800, halafu puliza praima ya kijivu. Itakuonyesha kila mkwaruzo uliokuponyoka. Rangi nzito huziba mistari iliyochongwa, na kwenye viungo hukwama na kubanduka mkono unapogeuzwa.

"Thina zote ni sawa."

Uongo huu ndio unaoniudhi kuliko wote, kwa sababu huvunja modeli na kudhuru afya. Thina ya rangi za enameli, inayotumiwa sana kutia wino kwenye mistari, hupenya hadi kwenye viungo. Ikikuta plastiki iliyobanwa, hasa ile ya aina ya ABS, huipasua, pengine siku ya pili ukiwa umeshaipanga kabatini. Tenganisha vipande kwanza, vikinge kwa vanishi, tumia kidogo, kisha viache vikauke kabisa kabla ya kuviunganisha tena. Na mvuke wa rangi za laka hauzuiwi na barakoa ya kitambaa. Tumia barakoa yenye chujio la kemikali, madirisha yakiwa wazi, na watoto wawe mbali.

"Kubwa na ghali ndiyo bora."

Si lazima. Daraja la Perfect Grade, lililoanza 1998 kwa kipimo cha 1/60, linavutia sana. Lakini Real Grade ya 2010 iliweka kiunzi cha ndani katika modeli ya 1/144. Anayeanza achukue modeli ya daraja la High Grade, aiunganishe bila rangi, kisha apake rangi kipande kimoja tu, ngao kwa mfano, kwa kuwa ni bapa na haina kiungo cha kuharibu.